Prosesa ilisingiziwa: kisa cha kompyuta ya studio moja Chake Chake

Studio inayozungumziwa hapa ipo Chake Chake, Pemba. Kazi zake ni tatu: picha za harusi, picha ndogo za pasipoti na vitambulisho, na mabango ya turubai ambayo hutengenezwa hapo na kupelekwa Unguja kuchapishwa. Ramadhani studio huwa kimya, kisha Mfunguo Mosi ukiingia harusi zinafuatana na kila biharusi anataka albamu yake mapema. Ni katika msimu huo ndipo kompyuta ilipoanza kuwatia watu aibu mbele ya wateja.

Malalamiko yalikuwa haya. Ukifungua bango, Photoshop, programu ya kuhariri picha, inaganda kwa muda mrefu baada ya kila mbofyo. Mara kwa mara unatokea ujumbe wa "scratch disks are full" (nafasi ya faili za muda kwenye diski imejaa) na kazi inasimama. Kusafisha picha ya uso asubuhi ni kwepesi, ikifika alasiri brashi inaburuta. Na kutoa picha za harusi nzima kutoka Lightroom, programu ya kurekebisha picha nyingi kwa pamoja, kunakula kutwa. Muuzaji mmoja wa kompyuta akamwambia mwenye studio: "Prosesa imeshachoka hiyo, nipe mashine yako uongeze pesa, nikupe i7." Prosesa ni chipu inayofanya hesabu za kompyuta, na i7 ni daraja la juu la prosesa za Intel. Bei ilishatajwa na sehemu ya pesa ilishatengwa.

Suala lilikuwa kama pesa hiyo iende kwenye prosesa. Kwa sehemu kubwa ya matatizo, isingesaidia kitu. Kwa sehemu moja tu prosesa ilihusika kweli, na hata hapo i7 iliyokuwa ikiuzwa haikuwa dawa.

Mashine yenyewe ilikuwa ya mezani, mtumba wa ofisini, yenye prosesa ya Core i5-6500. Hiyo ina viini vinne, kila kimoja kikibeba uzi mmoja wa kazi. Kasi yake ya msingi ni 3.2 GHz. Kiini kimoja kikifanya kazi peke yake hupanda hadi 3.6, na vyote vinne vikiwa kazini hukaa kwenye 3.3. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni GB 8 za aina ya DDR4 kwenye kijiti kimoja, na sloti tatu ziko tupu. Diski ni moja tu, ya kuzunguka, GB 500, mizunguko 7200 kwa dakika, na imebebeshwa kila kitu: Windows 10, programu, picha za miaka yote, na faili za muda. Kadi ya picha hakuna. Skrini inaendeshwa na Intel HD Graphics 530 iliyomo ndani ya prosesa, ambayo haina RAM yake na hukopa ile ile ya mashine.

Kupima kabla ya kufungua boksi

Kazi tatu zilipimwa moja moja: kuhariri bango, kusafisha picha moja ya biharusi, na kutoa picha RAW (data ghafi ya kamera) za harusi nzima kuwa JPEG. Zilitenganishwa makusudi. Kila moja inabana sehemu yake ya mashine, na anayepima "uzito wa kompyuta" kwa jumla jumla haoni kitu.

Vipimo vilivyotumika havina gharama. Ndani ya Photoshop, chini kushoto mwa dirisha la picha, pana mshale mdogo pembeni mwa ukubwa wa faili. Ukiubofya unapata orodha, chagua Efficiency. Ikisoma 100%, Photoshop inafanya kila kitu ndani ya RAM. Ikishuka chini ya hapo, RAM imejaa na programu inamwaga kazi kwenye diski kisha inaichota tena. Kwenye orodha hiyo hiyo pana Scratch Sizes, inayoonyesha namba mbili. Ya kwanza ni kumbukumbu inayotakiwa na picha zote zilizofunguliwa, ya pili ni ile Photoshop iliyoruhusiwa kutumia. Ya kwanza ikiipita ya pili, diski imeshaingia kazini.

Pembeni ikafunguliwa Task Manager kwa Ctrl+Shift+Esc, sehemu ya Performance. Hapo CPU, Memory na Disk hutazamwa kwa wakati mmoja, tena wakati mashine imeganda, maana ikishaganduka ushahidi umekwenda.

Bango lilitoa jibu mara moja. Efficiency ilianguka chini ya 40%. Memory ilikuwa imejaa karibu yote. Disk ilikuwa 100%, imeganda hapo kama ukuta. Prosesa? Ilikuwa ikichezea kati ya 10% na 20%. Hiyo si prosesa iliyochoka. Hiyo ni prosesa iliyokaa kusubiri data ifike, na hata ungeweka ya mwaka huu ingekaa pale pale kusubiri.

Picha ya biharusi ilikuwa na tabia mbili. Asubuhi Efficiency ilisoma 100% na kila kitu kikawa sawa. Baada ya picha kadhaa kubaki wazi, na Chrome imefunguliwa na WhatsApp ya wateja na tabo nyingine nyingi, namba ikaanza kushuka. Filta nzito zikiitwa, CPU ilipanda hadi 25% na kugota hapo. Namba hii huwapoteza wengi, wakadhani robo tatu ya prosesa haina kazi kwa sababu ya hitilafu. Kwenye prosesa ya viini vinne, 25% ni kiini kimoja kinachofanya kazi kwa nguvu zake zote. Wala usitarajie kuona kiini kimoja kimejaa kwenye mchoro, kwa sababu Windows huihamisha kazi hiyo kutoka kiini hiki hadi kile mara nyingi ndani ya sekunde, na wastani unaonekana umesambaa. Brashi na baadhi ya filta za Photoshop haziwezi kugawanywa kwa viini vingi; kwa kazi hizo kasi ya kiini kimoja ina maana kuliko idadi ya viini.

Kutoa picha kutoka Lightroom kulikuwa kinyume kabisa. Viini vyote vinne 100%, diski imetulia, RAM ina nafasi. Hapa prosesa ndiyo inayobeba mzigo. Lakini kulikuwa na jambo la pili: kasi iliyoandikwa kwenye Task Manager ilianza 3.3 GHz, na baada ya muda ikateremka chini ya 3 na kubaki huko. Dalili hiyo ni ya joto.

Bango lenye pikseli milioni 837

Faili za mabango zilikuwa na herufi .psb mwishoni, si .psd. Hicho ndicho kitu kidogo kilichofungua kisa chote. Umbo la PSD linakubali picha isiyozidi pikseli 30,000 kwa kila upande na faili isiyozidi GB 2. Ukipita hapo, Photoshop inakulazimisha uhifadhi kwa PSB. Studio ya harusi na mabango ya mtaani haina sababu ya kufika huko.

Bango lilikuwa la mita 3 kwa mita 2, likaundwa kwa dpi 300, yaani pikseli 300 kwa kila inchi. Mita 3 ni inchi 118.11, mara 300 ni pikseli 35,433. Mita 2 ni inchi 78.74; mara 300 ni pikseli 23,622. Zidisha hizo mbili unapata pikseli takriban milioni 837. Kwa CMYK (rangi nne za wino wa uchapaji) ya biti 8, kila pikseli inachukua baiti nne, moja kwa kila wino. Leya (tabaka la picha) moja tu iliyoenea bango zima inataka karibu GB 3.35 za kumbukumbu. Weka leya ya nyuma, leya ya picha ya mgombea au ya bwana harusi iliyotanuliwa kujaza bango, kivuli juu yake, na umeshapita GB 10 kabla hujaandika jina la mtu. Mashine ilikuwa na GB 8, na ndani yake Windows na Chrome zilishakula chao.

Juu ya hapo kuna historia. Photoshop hukumbuka hatua 50 za nyuma kama hujabadilisha. Kwa brashi, inahifadhi vipande vilivyoguswa tu, hivyo si mzigo. Lakini filta iliyopita kwenye leya nzima imegusa vipande vyote, na hatua hiyo moja ni nakala nyingine kamili ya leya. Hatua chache za aina hiyo juu ya bango hili zinatosha kuijaza diski, na hapo ndipo ule ujumbe wa scratch unapotoka.

Dpi 300 ni kipimo cha kitu kinachoshikwa mkononi, kama albamu au kadi ya mwaliko. Bango linalotundikwa juu ya njia na kusomwa na mtu aliye ng'ambo halihitaji hivyo. Dpi 72 hadi 100 inatosha kwa ukubwa huo. Kwa dpi 100 bango lile lile ni pikseli 11,811 kwa 7,874, yaani milioni 93, na leya nzima ya CMYK ni takriban MB 372. Ukipunguza dpi mara tatu, mzigo unapungua mara tisa, kwa sababu upana na urefu vyote vimepungua. Hakuna prosesa wala RAM unayoweza kununua dukani ikakupa mara tisa kwa siku moja.

Wengine huhofia maandishi kupoteza ukali. Maandishi yakiachwa kama maandishi au umbo la vekta, na faili ikapelekwa kiwandani kwa PDF, yanachapishwa kwa ukali wa mashine ya kuchapisha, si kwa dpi ya picha. Wanaoharibu ni wale wanaoyageuza kuwa pikseli kabla ya wakati.

Ukubwa wa faili si ukubwa wa picha

Upande wa harusi hesabu ni ndogo lakini inafichika. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya 6000 kwa 4000. JPEG yake kwenye kadi inaweza kuwa MB 9, na watu huitazama hiyo MB 9 wakashangaa kompyuta inalemewa na nini. JPEG imebanwa, ikifunguliwa inakunjuka. Pikseli milioni 24 kwa baiti tatu ni MB 72 kwa biti 8. Kwa biti 16 ni MB 144, na hiyo ni leya moja. Kunakili leya ya nyuma ili kusafisha ngozi, kunakili tena kwa ajili ya kung'arisha, kuunganisha zote juu kwa ajili ya kunoa: umeshafika MB 576 kwa picha moja ya biti 16. Acha picha kumi kama hiyo wazi kwenye tabo, na Efficiency ya alasiri imejieleza yenyewe.

Studio ilikuwa ikituma kila picha Photoshop kwa biti 16. Biti 16 zina kazi yake. Shela nyeupe lenye vivuli laini, au anga la magharibi nyuma ya maharusi waliopigwa picha ufukweni, likisukumwa sana kwa biti 8 hukatika mistari mistari. Ila kusukuma huko kunatakiwa kufanyike kwenye RAW, ndani ya Lightroom au Camera Raw, ambako data kamili bado ipo. Picha ikishakaa sawa kwa mwanga na rangi, kuipeleka Photoshop kwa biti 8 kusafisha madoa ya uso hakupotezi kitu cha kuonekana kwenye albamu, na kumbukumbu inayotumika inakatika nusu.

Matengenezo yasiyo na gharama

Kabla ya kununua chochote, yalifanywa haya. Violezo vyote vya mabango vilibadilishwa kuwa dpi 100. Historia ikashushwa kutoka 50 hadi 20, kwenye Edit, Preferences, Performance. Kiwango cha kumbukumbu kinachoruhusiwa Photoshop kiliachwa kwenye 70%. Hapa vijana wengi hukosea wakakisukuma hadi 95 au 100, kisha Windows inakosa pumzi na inaanza yenyewe kumwaga vitu kwenye diski. Kwa mashine ambayo skrini yake inakopa RAM hiyo hiyo, kosa hilo ni kubwa maradufu. Mabadiliko ya kiwango hicho cha kumbukumbu huanza kufanya kazi baada ya Photoshop kufungwa na kufunguliwa upya.

Kisha diski. Ilibaki na nafasi ndogo sana, na sehemu kubwa iliyopotea haikuwa picha. Umeme ukikatika Photoshop ikiwa kazini, faili zake za muda hazipati nafasi ya kujifuta. Hubaki kwenye diski, majina yake yakianza na Photoshop Temp na namba nyuma yake, ama kwenye mzizi wa diski ama kwenye folda ya Temp ya mtumiaji. Kwa mabango ya pikseli milioni 837, kila kukatika kwa umeme kuliacha mabaki ya magigabaiti. Funga Photoshop kwanza, kisha zifute. Ukizifuta programu ikiwa wazi unaweza kuiangusha pamoja na kazi ya mteja.

Mwisho, kati ya kazi moja na nyingine itumike Edit, Purge, All. Inasafisha historia na ubao wa kunakilia na kurudisha kumbukumbu. Hairudi nyuma, kwa hiyo hifadhi kwanza.

Baada ya hayo bango lilisoma Efficiency ya juu, lakini bado lilishuka leya zilipoongezeka. RAM ilikuwa zamu yake.

RAM, na jinsi ya kutoitia hasara

Kilinunuliwa kijiti kingine cha GB 8, kikaagizwa Unguja na kuja kwa boti hadi Mkoani. Jumla GB 16. Kwa nini si 32? Kwa sababu hesabu haikuitaka. Ukurasa wa albamu uliokunjuliwa, sentimita 60 kwa 30 kwa dpi 300, ni pikseli 7,087 kwa 3,543, karibu milioni 25. Leya moja ni MB 75 kwa biti 8, na leya kumi zilizojaa ni MB 750. Bango jipya lenye leya tano ni chini ya GB 2. GB 16 zinabeba hayo na historia yake na bado Windows ina nafasi. RAM ambayo haijai haiongezi kasi hata kidogo. Ukishafika Efficiency 100%, kuongeza nyingine ni kununua kabati la pili wakati la kwanza lina nafasi.

Faida ya pili ilikuja na kijiti hicho, na watu wachache huitarajia. Kijiti kimoja kinatumia njia moja ya data. Kwa DDR4 ya 2133, njia moja inapitisha takriban GB 17 kwa sekunde. Vijiti viwili vinavyofanana, kwenye sloti sahihi, vinafungua njia mbili, yaani takriban GB 34. Kwenye mashine hii prosesa na picha ya skrini zinagombania mlango huo huo, kwa hiyo kukuza na kuburuta picha kukawa laini zaidi hata pale RAM ilipokuwa haijajaa.

Sloti sahihi si sloti yoyote iliyo tupu. Fuata rangi za sloti au namba zilizoandikwa kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya mashine. Kisha hakikisha kwa programu ya CPU-Z, ukurasa wa Memory: isome Dual, au 2 x 64-bit kwa matoleo mapya. Ikisoma Single, hamisha kijiti.

Wakati wa kuagiza, tahadhari ni mbili. Kwanza, mashine za kizazi cha sita cha prosesa za Intel, kama hii, zipo zenye DDR4 na zipo zenye DDR3L, na prosesa inaweza kuwa ile ile. Mkato wa chini wa vijiti hivyo uko mahali tofauti; ukiona hakiingii, usikilazimishe. Pili, kijiti cha laptopu ni kifupi na hakikai kwenye mashine ya mezani. Inaonekana jambo dogo, ila kwa mtu wa Pemba ni nauli ya mzigo kwenda na kurudi.

Kijiti cha zamani kilipotolewa, meno yake ya dhahabu yalikuwa na utando wa kijivu. Chake iko kando ya hori, hewa ina chumvi na unyevu, na masika ndiyo kabisa. Kabla ya kugusa RAM, chomoa waya wa umeme na ushike chuma cha boksi ili umeme tuli ukutoke. Meno yalifutwa kwa kitambaa laini chenye isopropili, yakaachwa yakauke, yakarudishwa. Baada ya kuweka vijiti vyote viwili, MemTest86, programu ya kupima RAM, iliachwa izunguke usiku mzima. Hatua hii isirukwe. RAM yenye kasoro si lazima iizime kompyuta; inaweza kukuharibia picha kimya kimya, ukaja kuona mstari wa rangi katikati ya JPEG au PSD inayokataa kufunguka, na harusi hairudiwi.

Diski

Diski ya mizunguko 7200 inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.33, kwa hiyo kwa wastani inasubiri 4.17 kabla data haijafika chini ya kichwa, bado kichwa chenyewe hakijasogea. Ikisoma faili moja kubwa iliyonyooka inafika MB 100 hadi 150 kwa sekunde. Lakini hapa diski moja ilikuwa ikiitwa na Windows, Photoshop, faili za muda na Lightroom kwa pamoja. Kichwa kinakimbia huku na huku na kasi inabaki sehemu ndogo ya hiyo.

Iliwekwa SSD, diski ya chipu isiyozunguka, ya SATA ya GB 500, inayosoma karibu MB 500 kwa sekunde na isiyo na kichwa cha kusogeza. Windows, programu, katalogi ya Lightroom, kazi za wiki hii na scratch vikahamia huko. Diski ya zamani ikabaki ghala la kazi zilizokwisha. Katika Preferences, Scratch Disks, weka alama kwenye SSD na uiondoe kwenye ile ya zamani. SSD isijazwe, iachiwe karibu sehemu moja ya tano ikiwa wazi, maana ikikaribia kujaa kasi ya kuandika inashuka.

SSD za bei ya kutupa ziangaliwe. Zipo zinazojitangaza ukubwa ambao hazina. Programu ya H2testw huandika diski nzima kisha ikaisoma. Ikitoa makosa, irudishe kwa muuzaji kabla hujaweka kazi ya mtu. Na umeme usipoaminika, UPS (betri ya akiba ya umeme) ni sehemu ya mashine, si anasa. Inakupa dakika za kuhifadhi na kufunga.

Joto, na sehemu ambayo prosesa ilihusika kweli

Boksi lilikuwa limefungiwa ndani ya kabati la meza, mgongo umegusa ukuta. Feni ilikuwa imevaa koti la vumbi lililoshikana kwa unyevu, na pesti kati ya prosesa na kipoza joto ilikuwa imekauka kuwa unga. Prosesa za Intel za aina hii hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100 za selsiasi ili zisiungue. Feni ikasafishwa kwa brashi huku ikizuiwa isizunguke, pesti ya zamani ikafutwa na kuwekwa mpya kiasi cha punje ya mchele, na boksi likatolewa kabatini. Kasi ikatulia kwenye 3.3 GHz mwanzo hadi mwisho wa kutoa picha, hata kwenye jua la kaskazi.

Kutoa harusi nzima bado ni kazi ndefu. Viini vinne vikiwa 100% bila kushuka kasi, hakuna tena cha kutengeneza. Hapo ndipo mwisho wa uwezo wa prosesa hiyo. Njia iliyochukuliwa ni kuanzisha kazi hiyo studio ikifungwa.

Je, ile i7? Iliyokuwa ikiuzwa ni i7-3770, ya mwaka 2012, yenye DDR3. Ina nyuzi nane, lakini kwa kiini kimoja haiipiti i5-6500 kwa maana yoyote, na haina maagizo ya AVX2 yaliyoanza na kizazi cha nne mwaka 2013, ambayo hutumika kuchakata pikseli nyingi kwa mpigo. Herufi na namba ya mwanzo hazikuambii umri. Core i3-12100 ya mwaka 2022, "i3" hiyo hiyo inayodharauliwa, inaiacha mbali.

Lilizuka pia wazo la kubadilisha prosesa peke yake. Sloti ya prosesa ya mashine hii, LGA1151, inapokea i7-6700, yenye viini vinne na nyuzi nane, na mashine ingewaka. Asiuziwe mtu i7-8700 kwa kuwa inatosha kwenye sloti: idadi ya pini ni ile ile, lakini kizazi cha nane kinataka madabodi ya mfululizo wa 300, na kwenye hii haitawaka. Hata i7-6700 haikupendekezwa. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane cha Intel. Kutia pesa kwenye prosesa ya jukwaa linalofungwa ni kuizika. RAM na SSD zilikuwa gharama ndogo na zilirudisha msimu. SSD itahamia kwenye mashine ijayo, RAM ya DDR4 inaweza kuhamia au isihamie, kutegemea madabodi.

Pesa iliyotengwa imebaki inangoja mashine hiyo. Vipimo vilivyoandikiwa studio ni hivi: prosesa ya viini sita au zaidi, ya kizazi cha karibuni kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa ajili ya kutoa RAW, RAM GB 32 kwa vijiti viwili vya 16 ili njia zote mbili zifunguke na sloti nyingine zibaki, SSD ya NVMe (yenye kasi kuliko ya SATA) ya TB 1, na kadi ya picha yenye kumbukumbu yake, GB 8 ikiwezekana. Hiyo ya mwisho inahitajika kwa sababu moja mahsusi: kuondoa chembe chembe kwa akili bandia kwenye picha za ukumbini usiku kunafanywa na kadi ya picha, na HD 530 huchukua dakika nyingi kwa picha moja tu. Studio isiyotumia zana hiyo inaweza kuanza bila kadi, mradi madabodi iwe na sloti yake na pawa saplai iwe na nguvu ya kuibeba ikija.